Filamu sitini na moja, na moja iliyomchoma Bi Kuo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, bamba la chuma limeshashika moto na Bi Kuo Su-chin anapasua mayai kwa mkono mmoja bila kuyaangalia. Macho yake yako kwa tarishi aliyesimama mbele yake, kofia ya pikipiki kichwani.

"Mama, ile filamu ya mapanga vipi? Nimpeleke mke wangu Jumamosi?"

"Ukitaka akuache, mpeleke. Mtanashati, pilipili niweke?"

Kwenye duka hili la kifungua kinywa, hapa mjini Changhua, kila mwanamume ni mtanashati na kila mwanamke ni mrembo, hata kama ana miaka tisini na hana jino. Lakini adabu ya Bi Kuo inaishia hapo. Mtajie filamu uone.

Juu ya bamba amebana vikaratasi, vile vile ambavyo wateja huweka alama ya chakula wanachotaka. Nyuma ya kila kimoja ameandika maoni yake kuhusu filamu aliyoiona. Tangu Machi mwaka jana vimefika sitini na kimoja. Vimeingia mafuta, vingine vimeungua pembeni, na kuna watu mtaani hawakati tiketi kabla ya kuvisoma.

Cha filamu ya mapenzi kinasema: "Wanalowana mvua na mwavuli anao mkononi. Mapumbavu mawili." Cha filamu iliyopata tuzo huko ng'ambo: "Nimemaliza mahindi, nimemaliza maziwa ya soya, jamaa bado anaangalia bahari." Cha filamu ya familia: "Mama kakohoa dakika ya kumi. Nikajua namzika. Huyu ni wa tisa mwaka huu."

Kinachomkera kuliko vyote ni chakula. Amehesabu filamu ishirini na tatu ambazo mtu anaagiza tambi, simu inalia, anaondoka bila kuonja.

"Bakuli zima! Moshi unatoka!" anafoka, mwiko juu. "Halafu mwenye duka wanamwonyesha anatabasamu. Anatabasamu nini? Mimi ningemfuata na bakuli hadi kituo cha polisi."

Ana miaka hamsini na minane. Hufunga saa tano na nusu, anakosha bamba, halafu anapanda baiskeli hadi jumba la sinema linaloonyesha filamu zilizokwisha kutoka kwenye kumbi kubwa. Kwa dola mia moja na thelathini za hapa kwetu unaona mbili mfululizo, na chakula unaingia nacho mwenyewe. Kwa siku njema duka humwachia dola elfu mbili hivi, na hiyo ndiyo starehe yake pekee. Mumewe, Shun-te, amefariki miaka kumi na moja sasa. Nyumbani amebaki na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na minne.

Mwaka mzima alilipa bei ya ukumbi mkubwa mara moja tu. Hapo ndipo hasira ya kweli inapoanzia, na hata mimi ninayeandika, niliyekula dukani kwake miaka sita, nilipoisikia habari hii chai ilinishinda.

Sikukuu za mwaka mpya majirani walimpeleka yule bibi kuangalia filamu iliyokuwa ikisifiwa kila kona. Ilimhusu mwanamke mwenye duka la kifungua kinywa. Ana bamba kama la Bi Kuo, kitambaa cha kichwa kama cha Bi Kuo, anawaita watu warembo na watanashati. Mumewe yuko hospitalini. Simu inalia kwamba anakata roho. Mwanamke anasikiliza, anakata simu, anaendelea kugeuza chapati za mayai mpaka foleni iishe. Ukumbi mzima ulilia.

Bibi alirudi nyumbani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakula tena kilichopikwa na mkwewe. Akawa anajipikia uji wake kwenye sufuria ya umeme, kitandani.

"Nikamwambia, Mama, hiyo ni filamu tu," anasema Bi Kuo. "Akanijibu, 'Watu hawawezi kutumia pesa zote hizo kuigiza uongo.'"

Kesho yake alikwenda kuiangalia mwenyewe. Mwishoni, majina yalipoanza kupanda, akaona jina la mwongozaji: Yu Po-han. Alimfahamu. Kijana huyo alisoma sekondari ya ng'ambo ya barabara na kwa miaka mitatu alikula pale kila asubuhi.

Siku Shun-te alipofariki ilikuwa siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, hospitalini, alikuwa amemwambia mkewe, kwa sauti ya mgonjwa, aende akafungue, watoto wasiingie mtihanini na njaa. Akafungua. Simu ilipolia, Bi Kuo alitupa mwiko akakimbia na aproni yake, akaacha vikaratasi arobaini havijapikiwa. Wateja walijipikia wenyewe na kuacha pesa kwenye kopo. Mama mkwe alikuwa kwa binti yake huko Taitung, hakuyaona hayo.

"Huyo Po-han alikuwepo!" Bi Kuo anagonga bamba kwa mwiko hadi mteja mmoja anarudi nyuma. "Si kwamba alisimuliwa. Ndiye aliyezima gesi watu walipomaliza kujipikia!"

Mwezi huu filamu hiyo ikafika kwenye jumba lake la bei nafuu, na kama ilivyo kawaida kwa filamu iliyovuma, mwongozaji na waigizaji wakaja kuwashukuru waliokata tiketi. Bi Kuo alimwomba mama mkwe waende pamoja. Bibi alikubali kwa sababu moja: alitaka kumwona tena kijana aliyeigiza kama mwanawe. "Anafanana naye masikio," alisema.

Filamu ilipoisha, Yu Po-han alipanda jukwaani, maiki mkononi, akamwona mwanamke aliyesimama safu ya nne.

"Jamani! Huyu ndiye mama niliyekuwa nakula kwake! Mpigieni makofi!"

"Msipige," alisema Bi Kuo. Makofi yakafa moja moja. "Po-han, asubuhi ile gesi ilizimwa na nani?"

Kijana alicheka kidogo. "Mama, tutaongea nje, si—"

"Nani?"

"Mimi."

"Sema kwa maiki."

"Mimi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umeshakimbia."

"Sasa huyo mwanamke wako aliyebaki anageuza chapati ni nani?"

"Mama, ni filamu. Ilibidi tupate kitu cha kuwaliza watu."

"Wamelia. Na mama mkwe wangu asiyekula kwangu, naye umlipe nini?"

Po-han akashusha maiki. Aliyezungumza sasa ni bibi, kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia vizuri, akiwa amemshika mkwewe mkono wa sweta.

"Ulimkuta?"

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuuliza.

"Mkono ulikuwa bado na joto, Mama," Bi Kuo alisema. "Lakini alishakwenda."

Bibi akakaa. Taa zikazimwa, filamu ya pili ikaanza, ya wezi na magari, na wanawake hao wawili waliiangalia hadi mwisho.

Yu Po-han ametuma boksi la matofaa, likarudishwa likiwa na kamba yake. Ameahidi pia kuongeza maandishi mwishoni mwa filamu. "Aongeze asiongeze, shauri yake," anasema Bi Kuo. Hajapoa, na wala hataki kupoa. Ila sasa hasira nyingine inamgeukia mwenyewe.

"Mama hakuniuliza, na mimi sikusema. Niliogopa ataona nimemwacha mwanawe afe peke yake. Tukakaa kimya mezani miaka yote hiyo, mpaka mtoto wa watu akaja kutujazia maneno yake."

Mapema mwezi ujao ni siku ya kufagia makaburi. Kila mwaka hufungua asubuhi hiyo, kwa sababu familia nyingi hununua chakula kabla ya kwenda. Mwaka huu amebandika tangazo kwamba atafunga siku nzima. Atampakia bibi kwenye teksi, wakang'oe majani kaburini, wawili tu.

"Nitamwambia yote, tangu simu ilipolia mpaka nilipomfumba macho. Akitaka kulia, alie. Akitaka kunipiga, anipige," anasema, na anafuta bamba. "Ila ataisikia kwangu."