Bi Ushahidi na Neno Moja la Riwaya

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Binti hakufukuzwa darasani. Aliyetoka nje siku ile ni mwalimu mwenyewe, kwa miguu yake, akamwachia kiranja chaki, na kabla kengele haijalia alikuwa amesharudi. Wanaosema mama wa kambo alimwaibisha mtoto mbele ya wenzake hawakuwapo, na aliyewasimulia naye hakuwapo.

Mwalimu huyo ni mke wa mtoto wa kwanza wa nyumba hii, fundi umeme, ambaye mkewe wa awali alifariki akamwachia binti huyo akiwa mdogo. Anafundisha fasihi. Wanafunzi wanamwita Bi Ushahidi, na jina hilo hakulipata bure. Ukimwambia mhusika fulani ni mchoyo, atakutazama juu ya miwani na kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Hutoki hapo mpaka umefungua ukurasa na kusoma mstari kwa sauti. Vitabu vya shule vilivyoachia kurasa huvishona mwenyewe kwa sindano na uzi mnene, kisha huvivika karatasi ngumu. Hata nyumbani mambo ni yale yale.

"Nani kamaliza nyama?"

"Baba."

"Ushahidi?"

"Mifupa iko kwenye sahani yake."

"Naomba kukata rufaa," husema fundi umeme, akijipangusa midomo.

Walicheka pamoja, hilo halina ubishi. Lakini tangu mwalimu aolewe, binti alikuwa hajamwita kwa jina lolote. Shuleni alimwita Mwalimu kama wenzake. Nyumbani aliongea na ukuta: "Eti pasi iko wapi?" Au alianza na kikohozi. Mwalimu hakulalamika. Alijiambia kwamba jina la mama lina mwenyewe, na yeye hakuja kulichukua.

Kisha binti akamwomba baba yake amhamishie shule ya bweni. "Nimechoka kuwa mtoto wa mwalimu," alisema. Baba akaahidi kumjibu muhula ukiisha. Mwalimu alikuwa akikunja nguo. Akaendelea kukunja, shati lile lile, mara tatu. Alijua kwamba mtoto akiondoka kwa namna ile, ameondoka moja kwa moja, hata kama likizo zitamrudisha.

Wiki ya mwisho ya muhula darasa lilikuwa linamalizia riwaya ya vijana, habari za msichana anayehangaika kujua yeye ni nani, katikati ya nyumba ya baba yake na kumbukumbu ya mama aliyekufa. Siku hiyo walimchambua mama wa kambo wa msichana huyo.

"Mkatili," alisema kijana wa nyuma ambaye wenzake humwita Wakili kwa ubishi wake.

"Ushahidi uko wapi?"

"Aa, Mwalimu, wa kambo ni wa kambo tu!"

Darasa likaangua kicheko, kisha wakakumbuka nani amesimama mbele yao na nani ameketi karibu na dirisha. Kicheko kikakatika kama taa.

Mwalimu akatabasamu. "Hayo ni maneno ya barazani, Wakili. Mwanamke huyu anampikia msichana, anamshonea nguo, anamuuguza. Mimi namsoma kuwa ana upendo na anajua mipaka yake. Nani ana hoja nyingine?"

Binti akanyanyua mkono.

"Mimi nakataa, Mwalimu. Si mkatili. Ila upendo wake haufiki."

"Ushahidi?"

"Neno 'mwanao'." Akafungua kitabu. "Hapa anamwambia mumewe, 'Mwanao hajala.' Hapa, 'Mwanao ana homa.' Na hapa, 'Muulize mwanao kama viatu vinamtosha.' Msichana amekaa palepale, Mwalimu! Kitabu kizima hasemi 'mwanetu'. Sasa atajijuaje ni wa nani, kama humo humo ndani anatajwa kama mzigo wa abiria mwingine?"

Mwalimu alikuwa ameifundisha riwaya ile miaka mingi, na neno hilo hakuwahi kuliona. Asubuhi ile ile alikuwa amemwambia mumewe, binti akiwa anakunywa chai mbele yao, "Mwanao amesahau sweta."

Wapo walimu ambao wangemwambia akae chini, na sheria ingekuwa upande wao. Yeye aligeukia ubao, akaandika "mwanao", akapiga mstari chini yake. "Andikeni," alisema. "Hoja imesimama. Mimi ndiye niliyemsoma vibaya mama huyu." Hapo ndipo alipompa kiranja chaki akatoka.

Binti alimfuata, akamkuta bombani ananawa uso.

"Sikukusudia kukusema wewe."

"Ulikusudia."

"Kidogo."

Mwalimu akacheka, maji yakimchuruzika kidevuni. "Nilidhani ni heshima," alisema. "Niliogopa nikisema 'mwanangu' utaona namnyang'anya mama yako."

"Mama hanuni," alijibu binti. "Aliyekuwa ananuna ni mimi."

Jioni, mezani, fundi umeme akakohoa na kuanza habari za shule ya bweni, akimtazama mkewe kama alivyozoea. Mkewe alimgeukia binti mwenyewe.

"Mwanangu, unataka kwenda?"

Kijiko cha fundi umeme kikabaki hewani. Binti naye hakuwa na haraka. Alimaliza alichokuwa anatafuna.

"Nabaki. Ila insha zangu asahihishe mwalimu mwingine. Wewe ama utanipendelea ama utanionea, na vyote sitaki."

"Kwa hiyo huniamini?"

"Nakuamini. Kalamu yako nyekundu ndiyo siiamini."

Mwalimu akakubali, na muhula uliofuata insha hizo zikawa zinasahihishwa na mwenzake. Mtu mzima mwenye shahada yake na cheo chake, akasahihishwa na mtoto mbele ya darasa zima, akaandika sahihisho hilo ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Wanaomsengenya wajaribu wao.

Sasa watu wanataka kujua binti anamwitaje siku hizi. Anamwita. Kwa neno gani, hilo ni lao wawili, na anayekuja nyumba hii kuliuliza atapewa chai na ataondoka nalo swali lake.