Jagi la Plamu

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kaunta ya duka la ushirika la chuo kimoja cha ualimu hapa Lushoto. Mkuu wa chuo alikuwa akimwambia mama muuzaji kwamba atapiga marufuku soda, maana wanachuo wanaacha uji na kunywa soda asubuhi.

"Ukiwakataza watagoma, Mkuu," mama alijibu huku akifuta mikono kwenye kanga. "Niachie mimi."

Alichofanya ni kuzihamishia soda stoo, na mahali pake akaweka jagi la kioo lililojaa juisi nyekundu ya plamu.

Juzi nilirudi. Mwanachuo mmoja aliingia.

"Shikamoo, mama. Naomba soda."

"Marahaba, baba. Zipo stoo, subiri nikakuletee."

Kijana alilitazama jagi, akameza mate. "Na hiyo?"

"Plamu za mashamba ya Rangwi. Sukari sijatia hata kijiko."

"Basi nipe hiyo."

Alikunywa kwa mkupuo mmoja, akasukuma gilasi mbele aongezewe.

Mara lori la soda likasimama mlangoni, dereva akaanza kushusha makreti. Mama akatoka, mikono kiunoni.

"Rudi nazo, mwanangu. Zilizopo bado hazijaisha."

Wanachuo waliokuwa wameshapanga foleni ya juisi nyuma ya kijana walipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi ni mkuu wa chuo, naye akiwa wa tatu kwenye foleni hiyohiyo.

Nimehutubia mikutano mingi ya kuhimiza wananchi wabadili mazoea. Sikumbuki hata mmoja uliofanya kazi kama jagi lile.