Nukta Nne za Wino wa Buluu

Kazini walimwita Kimya, na jina lilimkaa. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Mvuke ulimfunika hadi kwenye nyusi, na siku ilipoisha ungeweza kuyahesabu maneno aliyosema kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuwa na kiburi. Maneno yake yalichelewa njiani tu, na yalipofika, watu walikuwa wameshaondoka.

Jumatano aliokota futi ya fundi cherehani kwenye benchi nje ya duka la dawa. Ilikuwa kuukuu, imelainika kama kitambaa, imebaki na chuma ncha moja. Alipoikunjua nyumbani aliona nukta nne za wino wa buluu: ya kwanza kwenye sentimita hamsini, kisha sabini na nne, themanini na sita, tisini na tano. Baada ya hapo, hakuna kitu.

Kuna mtu alikuwa anakua, aliwaza. Mbona ameacha?

"Itupe bwana," alisema wifi yake, aliyeishi naye. "Nani atahangaika na dude kuukuu hivyo?"

Kimya aliikunja futi ili nukta zisionekane, akaipiga picha, akaitangaza kwenye programu ya simu ya vitu vilivyopotea na kuokotwa mtaani. Aliipenda programu ile kwa sababu ujumbe ulibaki humohumo. Hakuna aliyeiona namba yake, na hakuna aliyemharakisha kujibu.

Alhamisi fundi mmoja akaandika: "Hiyo yangu, dada. Imebaki chuma kimoja. Nipe namba nikupigie tumalize."

Chuma kilionekana pichani. Kimya alikaa na simu mpaka chai ikapoa, ndipo akajibu: "Tuandikiane hapahapa. Ile sehemu iliyokunjwa ndani ina alama gani?"

"Alama gani tena? Futi si ina namba!" Baada ya kitambo ukaja ujumbe mwingine: "Basi siyo yangu. Hizi futi zinafanana kama mapacha. Samahani, dada."

Ijumaa kutwa Kimya alipiga pasi huku nukta zikielea kwenye mvuke. Alimwona mtoto wa hewa amesimama ng'ambo ya meza, amefika tisini na tano, anamtazama, haongezeki. Alitamani mwenye futi asijitokeze kabisa, asije akamwambia sababu.

Jioni simu ikatoa mlio. "Nukta nne za wino wa buluu. Ya mwisho iko tisini na tano. Ni urefu wa mwanangu."

Kimya aliandika, akafuta, akaandika tena. "Na baada ya hapo?"

"Niliugua, nikampeleka kwa bibi yake. Miaka miwili sijampima. Anarudi kesho asubuhi. Futi mpya zimejaa madukani, ila hazimjui."

Kimya aliketi sakafuni, palepale alipokuwa. Kumbe bado anakua, aliwaza.

"Kesho saa nne, ndani ya duka la dawa, kwenye kaunta," aliandika. "Nitakuja na wifi yangu."

Saa nne, mama mwenye futi aliingia akimshika mkono binti wa miaka mitano. "Wewe ndiye wa kwenye simu?" Kimya aliitikia kwa kichwa, akamnyooshea futi. Mama yule hakuitia mkobani. Aliazima kalamu kwa muuza dawa, akamvua mtoto viatu, akamsimamisha sakafuni, mgongo kwenye kaunta.

"Nishikie hapo chini, mdogo wangu. Huyu hatulii."

Kimya akapiga magoti, akaibana ncha ya futi kwa kidole gumba kando ya kisigino kidogo.

"Mia moja na saba!" Nukta ya tano ikawekwa.

Mtoto aliutazama utepe uliobaki juu ya kichwa chake. "Nikifika mwisho je?"

Mama yake alikuwa anafuta machozi, hakumsikia.

"Utaunganishiwa nyingine," alisema Kimya.

Wifi yake aligeuka, mkoba ukamponyoka. "Haa! Leo umesema, na hujaulizwa wewe!"

Kimya alikuwa bado amepiga magoti, kidole chake palepale kwenye sifuri.