Simu ya Mama Isiyojua Siri

Harufu ya sabuni ya unga na nguo mbichi hunirudisha mtaa wa Kware, Nairobi, juu ya paa la ghorofa tulimopanga nilipokuwa darasa la nne. Chumbani mwetu simu haikushika mtandao, kwa jinsi majengo yalivyobanana. Jirani wa jengo la pili akikaanga pilipili, wewe ndiye unayepiga chafya. Aliyetaka kupiga simu alipanda ngazi hadi juu, kwenye kamba za nguo, na huko aliwakuta watu wakifua, wakikamua na kuanika. Kila mtu alijifanya hasikii, na kila mtu alisikia.

Simu ya Mama ilikuwa kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo. Siku moja ilimponyoka ikatumbukia kwenye karai la nguo. Aliianika juani pamoja na soksi zetu, ikafufuka, lakini pale pa kuweka sikio pakafa kabisa. Tangu hapo ilisikika kwa spika tu. Basi kila Jumamosi alipompigia mama yake kule Bungoma, bibi yetu tuliyemwita Kukhu, watu wote wa paani walishiriki. Mwanzoni Mama aliona haya, akawa ananong'ona. Ilikuwa kazi bure, maana Kukhu mwenyewe alizungumza kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Swali lake la kwanza halikubadilika: "Uko na nani hapo?" Mama akisema yuko na majirani, Kukhu alitaka kuwasalimu mmoja mmoja. Mama Halima, jirani wa mlango wa pili aliyeuza viazi karai, alijifunza kusema mulembe, salamu ya kwetu, kwa lafudhi yake ya Kisomali. Ochi, kijana wa kiwandani aliyejifulia ovaroli zake, alimpigia kelele ya "Niaje, shosho," yaani hujambo bibi, na haikupita muda Kukhu akawa anajibu "Poa" kama mtoto wa mtaa. Walimuulizia mahindi na goti lake. Naye aliuliza kama Halima amepona kikohozi. Nilipenda sana Jumamosi hizo.

Kisha macho ya Kukhu yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na bila upasuaji angebaki gizani, peke yake kule nyumbani. Mama alimbembeleza hadi akakubali kuja Nairobi, shingo upande. Alipofika alikaa kitandani akiwa ameshika mkoba wake, hali, haongei. Nyumba haina uwanja, alisema, ngazi haziishi, na heri upofu wa nyumbani kuliko kuishi na watu asiowajua. Siku chache baadaye akakunja leso zake na kutangaza kwamba anarudi. Mama alilia nyuma ya pazia akidhani sisi watoto hatumsikii. Niliogopa, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kulia.

Asubuhi hiyo maji yalikuja, na jengo zima likapanda kufua. Mama akamshika Kukhu mkono, tukamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa ili aote jua kabla ya safari. Hakuna aliyemwambia nani yuko wapi. Mama Halima alikuwa akikamua shuka, akamwambia bintiye ashike vizuri upande wa pili. Kukhu akainua kichwa.

"Huyo ni Mama Halima," alisema. "Na kile kikohozi cha mtoto?"

Mama Halima akaiachia shuka, akaja kumkumbatia kwa mikono yake yenye povu. Kutoka nyuma ya ovaroli zilizoanikwa, Ochi akasema, "Niaje, shosho," na Kukhu akacheka, akataka asogee amguse, aone kama ni mrefu kama sauti yake. Kufikia mchana alikuwa akisaidia kukamua. Leso zake zikarudi msumarini bila mtu kuzizungumzia, na jicho la kwanza lilipofunguliwa bandeji baada ya upasuaji, aliomba apelekwe paani. Alisema Mama Halima ni mdogo kuliko sauti yake.

Siku hizi nakaa Kariobangi, na simu yangu ni nzuri, yenye visikizi visivyo na waya. Mama amerudi Bungoma, kwenye nyumba ya Kukhu. Humpigia jioni nikipitia soko la Muthurwa kununua mboga ya sukuma wiki, katikati ya umati ambao kila mmoja anaongea na mtu aliye mbali. Ameurithi ule mdomo wa mama yake: "Uko na nani hapo?" Nami humjibu kwamba niko peke yangu.

Juzi nilijibu hivyo huku mama anayeniuzia mboga miaka yote hii akinitazama. Nikavua visikizi, nikaweka spika.

"Niko na mama wa sukuma," nikamwambia.

"Anaitwa nani?" Mama akauliza.

Sikujua. Yule mama akaacha kukatakata sukuma, akaiinamia simu, akajitaja mwenyewe.