Siku Niliyokwama Kwenye Dirisha la Bibi Ayikoru

Aibu hii ningeificha kama ningeweza, ila walioiona kwa macho walikuwa wengi, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjamsikia mtu wa kutia chumvi (na chumvi yenyewe sijui ataitia wapi, nafasi haijabaki).

Siku hiyo ilikuwa ya nne tu tangu tuhamie Oli, mtaa wa hapa Arua. Nyumba moja, familia mbili. Sisi tumetoka Koboko, yaani mimi Rajabu fundi wa kushona, mke wangu Zaituni na mtoto wetu mchanga. Wenzetu wametoka Logiri: Anguyo anayetengeneza pikipiki, mke wake Ezaru, na mama yake, Bibi Ayikoru, mwanamke mfupi mwembamba, lakini ukikaa naye dakika tano unajua nani mkubwa pale. Vyumba viwili vyao, viwili vyetu, jiko moja, mlango wa mbele mmoja.

Mimi nilitaka utaratibu. Baba yangu alikuwa askari, na kwetu hata viatu vilipangwa mstari. Basi siku ya pili nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikachora mstari katikati ya sakafu ya jiko, huku sufuria zetu, huku zao. Bibi akautazama, akauvuka na mwiko wake mkononi, akaonja mchuzi wa Zaituni, akasema, "Hii nataka karanga kidogo," akarudi kwake.

Siku ya tatu tukashindana juu ya ufunguo. Bibi alitaka uchongwe wa pili. Mimi nikasema funguo zikiwa nyingi hata wezi wanapata, mmoja unatosha, na huo mmoja utakaa kwangu.

"Sawa, mukubwa," Bibi akasema. "Kaa nayo."

Siku ya nne ndiyo hiyo sasa. Baba mkwe wangu, Hajj Ramadhani, alikuwa njiani kutoka Koboko na wazee wawili kuja kutusomea dua ya nyumba mpya. Zaituni na Ezaru walikuwa sokoni na mtoto, Anguyo kazini kwake, mimi nafagia uwanja na kaptura moja kuukuu ya kaki, kifua wazi, nikijua kanzu yangu iko kitandani imepigwa pasi inanisubiri. Upepo ukaja, mlango ukajibamiza. Mlango ule ukijifunga umejifunga, na ufunguo ulikuwa juu ya meza, ndani.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Bibi Ayikoru alikuwa barazani kwa jirani, hatua ishirini hivi, anabambua karanga, na asubuhi ile nilikuwa nimesikia kitu cha chuma kinalia kwenye fundo la kitenge chake, nikajua kabisa kwamba huyu bibi alishachonga wa pili bila kuniuliza. Kilichotakiwa ni kutembea hatua ishirini na kusema, Bibi, naomba. Nikaona heri dirisha.

Dirisha la chumba cha Bibi lilikuwa bado halijawekwa nondo, nalo linatazama barabara. Kichwa kikapita, mabega yakapita kwa kubembelezwa, nikasema kazi imekwisha, kumbe tumbo sikulipima (mimi ambaye kazi yangu ni kupima viuno vya watu). Likakwama. Mbele siendi, nyuma sirudi, na kaptura imeshikwa na msumari. Uso wangu ukawa unatazama kitanda cha Bibi, na upande mwingine ukawa unatazama Oli yote.

Nikasikia sauti ya mwanamke nje: "Kuna mutu naingia kwa nyumba ya wale wageni." Miguu ikaanza kukusanyika. Mtu akanigusa na fimbo, taratibu, kama anayepima kama nyama imeiva. Hapo nikaona si mchezo tena, maana mnajua mwizi wa mchana anafanywa nini, na mtaani pale hakuna aliyenijua.

Mwenyekiti wa mtaa akafika. "Wewe nani?"

"Mimi nakaa hapa," nikakiambia kitanda.

"Wezi yote nasema hivyo. Nani najua huyu?"

Wakamwita Bibi. Nikasikia kandambili zake zinakuja bila haraka. Zikasimama nyuma yangu, akasema, "Mimi hapana jua mutu kwa upande hii."

Watu wakacheka.

"Bibi, ni mimi, Rajabu."

"Rajabu iko na akili sana," akamwambia mwenyekiti. "Iko na ufunguo yake. Hawezi pita dirisha."

Nilikuwa najipanga kulia nikasikia gari linasimama, na sauti ninayoiheshimu kuliko zote ikasema, "Asalaam aleikum. Nyumba ya Rajabu ni hii?"

"Tunamutafuta, Hajj," Bibi akajibu. "Karibuni."

 Hajj akakohoa. "Hiyo kaptura naijua. Niliivaa mwenyewe jeshini, nikampa mkwe wangu."

Basi nikajulikana, kwa kaptura.

Mlango wa mbele ukafunguka bila shida, Bibi akaingia na ungo wake, akaketi kitandani, uso kwa uso na mimi. Akabambua karanga, akanitia mdomoni.

"Kula, upate nguvu. Ile mustari ya jikoni nafutwa?"

"Nafutwa, Bibi."

"Na mimi nachonga ufunguo ngapi?"

"Hata kumi, Bibi."

Akainuka, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu akasukuma, Hajj na mwenyekiti wakavuta miguu kule nje, nikatoka kama kizibo cha chupa, kaptura ikabaki kwenye msumari. Mwanamke mmoja akanirushia kitenge. Zaituni na Ezaru ndio kwanza wanatokea kwenye kona, na Hajj, Mungu amweke, alikuwa anatazama mawingu kama anayetafuta mvua.

Wale watu hawakuondoka. Walishafika, wakaketi, chakula cha wageni watatu kikaliwa na mtaa mzima kwa sababu Bibi alimwaga sufuria zake na zetu kwenye sinia moja. Mimi nikiwa kwenye kanzu yangu, Hajj akainua mikono akaiombea nyumba amani, akaiombea familia mbili masikilizano, halafu bila kutabasamu akaongeza, "Na madirisha mapana."

Oli yote ikaitikia amina. Hata mimi, kwa sauti ndogo, na ndani ya ile amina nikaapa kwamba nikikosa kitu tena ndani ya nyumba ninayokaa na watu, nitakwenda kwa miguu yangu niombe, nisimame hapo hapo nichekwe mpaka mwenye nacho achoke, ndipo anipe.