Siku za Kupeleka Sahani

Enzi zetu, na wenzangu mliokulia Majengo ya mjini Meru mtanishuhudia, Ramadhani haikuanza kwa mwezi kuonekana. Ilianza pale mama aliposhusha sahani za bati kutoka juu ya kabati na kuzisugua kwa majivu mpaka zikang'aa. Kila nyumba ilikuwa na alama yake chini ya sahani, tone la rangi ya mlango au la rangi ya kucha, ili zikichanganyika mtaani ijulikane ipi ni ya nani. Yetu ilikuwa na tone la kijani, rangi iliyobaki baba alipopaka bucha yake. Mtoto wa Majengo alijua kusoma alama za sahani kabla hajajua kusoma kitabu.

Ilipofika saa kumi, ukungu ukishuka kutoka mlimani na baridi ikianza kuuma masikio, mtaa mzima ulinuka iliki na vitunguu. Nazi hatukuwa nayo. Ukiikuta sokoni ilikuwa imezeeka, na bei yake ilikuwa ya kukutukana. Ndizi zetu zilipikwa kwa maziwa. Nduma zilichemshwa zikapasuka zenyewe, viazi vitamu vikatoa asali pembeni, na uji wa wimbi ukatiwa pilipili manga na ndimu mpaka ukakuwasha koo na kukupasha moto hadi tumboni. Sisi watoto tulikuwa nyuma ya msikiti tukicheza bano na brikicho, tukijidai tumefunga. Kila baada ya muda mmoja wetu alikwenda bombani kunawa uso, akanawa muda mrefu sana, akarudi na nguvu mpya. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana sote tulikuwa tukinawa.

Kisha mama aliita. Sahani zilikuwa zimepangwa mkekani, kila moja imefunikwa kwa kitambaa, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Hii ya fundi cherehani aliyeishi peke yake nyuma ya msikiti. Hii ya wale Waborana wa duka la tende. Hii ya Mama Hamisi. Ulitembea taratibu, mikono ikiungua, mate yakikujaa mdomoni. Njiani mlipishana na watoto wengine wenye sahani zao, wa kwao anakuja kwenu na wewe unakwenda kwao. Sasa ninapofikiria, naona chakula chenyewe kilikuwa kilekile. Viazi vyetu vilikwenda kwa jirani, na viazi vya jirani vikaja kwetu.

Lakini kulikuwa na sheria, na mama hakuilegeza hata siku moja. "Usiniachie sahani mlangoni," alisema. "Ingia ndani, salimia, mtie mwenyewe mkononi." Ukirudi ulisimamishwa jikoni na kuhojiwa. Umemkuta ameketi au amelala? Jiko lake linawaka? Sauti yake ikoje? Amekujibu yeye au amejibu mtu mwingine? Nilidhani mama yangu ni mmbeya wa kupindukia. Kumbe ile ndiyo ilikuwa njia yake ya kuuhesabia mtaa pumzi.

Jioni moja nilirudi nikasema fundi cherehani amepokea sahani akiwa kitandani, na mikono yake ilikuwa moto kuliko sahani yenyewe. Mama hakuuliza la pili. Alizima jiko, akajitanda leso, akatoka. Adhana ilipolia baba na wanaume wengine walikuwa wamekwisha mlaza yule mzee kwenye mkokoteni wa bucha, ule uliobeba nyama asubuhi, wanamsukuma kwenda hospitalini huku wakifuturu tende njiani. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alipona, akanishonea gauni la Idi ambalo lilinibana kwapani, na nililivaa hivyo hivyo.

Mama Hamisi ndiye niliyempenda kuliko wote. Alikuwa mzaliwa wa Igembe, akasilimu alipoolewa na dereva wa lori, na Kiswahili chake alikiongea bila kukiogopa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wetu, ya mabati, mlango wazi kutwa. "Kuja ndani, kasichana ka bucha," aliniita. "Leo umefunga kweli, ama umefunga na mdomo ya kuonyesha watu?" Kabla sijajibu nilikuwa nimeketishwa kwenye kigoda, nina kikombe cha uji mkononi. Mama yangu alipolazwa wiki nzima kwa uzazi, ni Mama Hamisi aliyetuogesha, akatusuka, akatulisha, na kutuchapa tulipostahili. Yule alikuwa mama yangu wa pili, na sisemi hivyo kwa kuremba maneno.

Sasa mimi nina duka la nguo hapa Nkubu, na nina watoto wangu. Ramadhani hii iliyopita nilipika sambusa, nikaziweka mezani, na binti yangu Salma akazipiga picha kama anazitafutia kitambulisho. Alizizungusha, akasogeza taa, akapanda juu ya kiti. Adhana ililia, ikaisha, sambusa zikapoa, na yeye bado anachagua rangi. Kaka yake alikuwa chumba cha pili, hatua chache kutoka jikoni, na aliniandikia kwenye simu: "Mum, food iko ready?" Enzi zetu ungeuliza hivyo ukiwa umelala kitandani, jibu lingekuja na mwiko.

Wala si watoto tu. Majengo yetu nayo imehamia kwenye simu. Kuna kundi, tumo karibu sote tuliokulia pale, walioko Maua, Embu, Nairobi na hata Uarabuni. Kila jioni ya Ramadhani kundi hilo hujaa sahani. Picha ya pilau, picha ya kaimati, picha ya meza ya kioo yenye juisi za rangi tatu. Chini yake watu huandika mashallah na kuweka vijitaa na miezi inayomeremeta. Hakuna anayeonja chochote. Siku hizi mtu huonyesha jirani yake kwamba yeye ameshiba, na jirani humpongeza kwa kushiba.

Mama Hamisi naye alitiwa humo. Mwanawe Hamisi amefanikiwa Nairobi. Alibomoa ile nyumba ya mabati, akamjengea mama yake nyumba ya mawe, ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, na geti la chuma. Mumewe alikwisha fariki, kwa hiyo aliishi humo peke yake. Halafu Hamisi akamnunulia simu kubwa, ili asipitwe na mambo. Mama Hamisi hakuwahi kujua kusoma. Mjukuu wake Nasra, aliye chuo kikuu, akaiunganisha simu hiyo na kompyuta yake huko Nairobi, akawa anasoma salamu za watu na kuwajibu kwa niaba ya nyanya yake. Hilo sisi wengine, hata Hamisi, hatukulijua. Tuliona tu jina la Mama Hamisi na picha yake akiwa na leso ya zambarau, na majibu yakija upesi upesi, na maua. Tulishangilia. Tulisema, mzee ameendelea, amefunzwa kusoma!

Jioni moja katikati ya mfungo nilimwandikia. "Mama Hamisi, shikamoo. Leo umefuturu nini?" Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Alhamdulillah, uji na viazi. Na nyinyi je?" Nikaridhika. Siku iliyofuata roho haikutulia, sijui kwa nini, nikamwambia Salma twende Meru tukamwone, maana ni mwendo mfupi tu.

"Lakini Mum, si ako online?" Salma akasema, akanigeuzia simu yake. "Ona, ametuma maua kwa group saa hii. Shosh ako poa kutuliko."

Nilitazama yale maua. Dukani kulikuwa na mzigo wa nguo za Idi unaningoja. Sikwenda.

Aliyekwenda ni Mama Kendi, anayeuza maziwa. Yeye hayumo kwenye kundi letu wala si Muislamu, na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, ya kupigia tu. Alifika getini asubuhi ya siku ya pili yake, kama ilivyokuwa zamu yake, akaita, hakuitikiwa. Akaita tena. Akamwendea fundi wa kuchomelea vyuma wa ng'ambo ya barabara, wakavunja kufuli. Walimkuta Mama Hamisi sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, uji umemwagika na kukauka kando yake. Alikuwa ameanguka siku mbili nyuma, akiandaa futari. Ile ile jioni niliyomwuliza amefuturu nini.

Nilifika hospitalini. Hamisi alikuwa nje ya wodi, hawezi kusimama wala kuketi. "Alikuwa anajibu, Rukia," aliniambia. "Mimi niliona anajibu." Nasra alikuwa amejikunyata ukutani, macho yamemvimba. "Aunty, mimi nilikuwa namsaidia tu," alisema. "Sikutaka watu wafikirie anawa-ignore. Nilijua kila siku anakunywanga uji." Nilitaka kumpiga yule mtoto kofi. Nilitaka kumkumbatia pia. Mwishowe sikufanya hata moja, kwa maana katika sisi sote yeye pekee ndiye aliyekuwa akimtendea nyanya yake kitu, hata kama kitu chenyewe kilikuwa hicho.

Ndani, wageni walikuwa wamejaa, watu wa Majengo niliokuwa sijaonana nao uso kwa uso kwa miaka. Mmoja aliinua simu ampige picha mgonjwa na mipira yake ya maji, watu wa kundi wapate kumwombea. Mama Hamisi alivuta shuka kwa mkono ule mmoja uliokuwa na nguvu, akajifunika uso. Nikawatoa nje wote, na maneno niliyowaambia si ya mwezi mtukufu.

Tulipobaki wawili nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, umekauka.

"Kasichana ka bucha," akasema.

"Naam, mama."

"Ile simu ilikuwa sebuleni, kwa chaji. Nilikuwa naisikia. Inalia, inanyamaza, inalia tena. Hamisi alinieleza, ikilia namna hiyo ni mtu ameniulizia." Akalamba midomo. "Nikajua mmeniulizia. Nikasema, haya, wanakuja."

Nilimwuliza, na najuta mpaka leo kwamba nilimwuliza, kwa nini hakupiga kelele. Jirani yupo hapo nyuma ya ukuta. Angesikia.

Alinitazama kwa mshangao, kama vile mimi ndiye niliyepungukiwa na akili.

"Nipige makelele ya nini, na mnakuja?" akasema. "Usiku ya pili ndio nilitaka kupiga. Sauti ikakataa."

Figo zake zilikuwa zimechoka mno. Hakuifikia Idi. Tulimzika kabla ya alasiri, kisha nikarudi Nkubu na simu yangu ikitetemeka mkobani njia nzima. Kundi lilikuwa limejaa nyuso ndogo za njano zinazobubujikwa na machozi. Watu waliandika kwamba Majengo imepoteza mama. Waliandika kwamba alikuwa nguzo. Mmoja aliyeishi mtaa wa pili kutoka kwake, ambaye angeweza kufika kwa miguu kabla chai haijapoa, aliandika maneno marefu kuliko wote, na wengi wakayapenda.

Wanangu huniambia ninawaonea, kwamba simu haina kosa, na kwamba zamani watu walikufa bila habari kumfikia mtu yeyote. Ni kweli, walikufa. Mimi sijasema enzi zetu zilikuwa pepo. Tulikuwa na chawa, tulikuwa na viroboto, tulichapwa kwa makosa ya wenzetu, na majirani walijua mambo yetu ambayo hawakupaswa kuyajua. Baridi ilitupasua miguu na viatu vilikuwa vya Idi hadi Idi. Lakini salamu enzi zile ilikuwa na miguu. Mtu akisema amekuja kukuuliza hali, alikuwa amekuja. Ulimsikia akikohoa uani, ukamsikia akivua viatu, na hata kama hukumpenda ulimwona kwa macho naye akakuona.

Enzi zetu ukisikia umeulizwa, uliongeza maji kwenye sufuria ya chai, maana mtu yuko njiani. Mama Hamisi alilala kwenye sakafu yake akisikia anaulizwa, magharibi ile, na kutwa iliyofuata, na usiku wake. Tulikuwa tukimwuliza mtaa mzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa njiani.