Miguu Tennessee, Mikono Virginia

"Shangazi, mtu akiwa na miguu Tennessee na mikono Virginia, anafanya kazi wapi?"

Tansy alikuwa na miaka minane alipouliza hivyo. Shangazi yake, Verna Musick, alimwambia angoje. Alikuwa ameikodolea macho fomu ya kodi kana kwamba imemtukana.

Verna alishughulikia mishahara katika duka la keki la Orville Stidham, lililojengwa juu ya mpaka wenyewe wa majimbo hayo mawili ya Marekani: meza za wateja Tennessee, jiko Virginia. Wafanyakazi wote waliishi Tennessee, jimbo ambalo kodi yake haigusi mshahara wa mtu. Virginia inaugusa, tena haijali unalala wapi. Inauliza jasho lilikutoka wapi. Basi kila mwezi Verna aliwakata kodi waokaji na kuipeleka Virginia, na kila mwezi waokaji walimtazama kama mwizi wa mifukoni. Kwa kazi hiyo alikuwa amejipatia kinyumba chenye kibaraza, na lawama za mji mzima.

Asubuhi moja Orville alikuja na utepe mwekundu, akaubandika sakafuni palipo na mpaka, kisha akaikokota meza ya kukandia unga hadi upande wa Tennessee.

"Jamani, kuanzia leo hakuna anayefanya kazi Virginia!"

"Na oveni je, bosi?" aliuliza Dewey, mwokaji mkuu. Oveni ilikuwa ya matofali, haisogei.

Orville akatoa koleo bapa la kuingizia keki ovenini, mpini wake mrefu kuliko yeye. "Wewe simama Tennessee. Keki ndiyo itakayovuka. Keki hailipi kodi."

Watu walishangilia. Wiki ile yote Dewey alisimama ukingoni mwa utepe, amejinyoosha kama twiga anayekunywa maji, akisukuma keki ndani ya tanuri asiloliona vizuri. Zikatoka nyeusi upande mmoja. Orville akaziita keki za kienyeji, akapandisha bei.

Mwisho wa mwezi akamwekea Verna fomu mezani.

"Andika kwamba Virginia hatukulipa mshahara wowote. Halafu tia saini."

"Anayetia saini ndiye anayebanwa, Orville. Watu wa kodi wakija watachukua nyumba yangu, si koleo lako."

"Usiwe mwoga, mama. Mbona wenzako wamefurahi?"

"Mwache, bosi!" Dewey alipaza sauti toka jikoni. "Dada Verna anaipenda Virginia kuliko alivyompenda marehemu mumewe!"

Kicheko hakijaisha, koleo likakwama. Dewey akauruka utepe, akaingiza mkono ndani ya tanuri, akapiga yowe.

Orville alikimbilia simu. Bima yake ya wafanyakazi ilikuwa ya Virginia peke yake. Ya Tennessee aliiona ghali.

"Ndiyo, ameungua kazini! Wapi? Virginia, bwana! Virginia kabisa, kuanzia kidole hadi bega!"

Jiko zima likamgeukia. Verna akachukua kalamu, akaandika mishahara yote ya jikoni kuwa ya Virginia kama kawaida, akatia saini.

Orville alimfukuza papo hapo, akachana ile fomu na kumnyooshea nyingine mhudumu wa meza. Mhudumu akasema haoni bila miwani, ilhali miwani ilikuwa puani. Dewey akainua mkono wake, tayari umefungwa bandeji.

"Si utie wewe mwenyewe, bosi? Duka ni lako."

Orville akairudisha kalamu mfukoni.

Jumatatu alikuwa kibarazani kwa Verna, ameshika keki iliyoungua upande mmoja.

"Rudi basi. Utepe nimeshaubandua."

Verna alirudi, akaendelea kuwakata watu kodi na kununiwa hadi alipostaafu mwaka huu. Siku ya kumuaga, Tansy, ambaye sasa ni msichana wa sekondari na bado hajaacha kuuliza maswali, alimuuliza tena lile lile.

Verna alitafuna keki yake kwanza, akameza.

"Mwanangu, anafanya kazi pale ambapo akiumia, bosi wake anakubali kwamba ndipo alipokuwa."